Aliyevunja Lakiri

Barua ya wito ililetwa siku ya nne baada ya moto, nywele zangu bado zinanuka moshi. Nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua nguo za wateja, zilizoungua huku, zilizopona kule, nikiwaza wenyewe nitawaambia nini. Nikaifungua. "Unatakiwa kufika ofisi ya kijiji Jumatatu ijayo saa nne bila kukosa, kujibu tuhuma ya kuvunja lakiri ya kifaa cha serikali bila idhini." Nikaisoma mara mbili. Nikacheka kile kicheko cha puani kinachotoka mtu akikosa wa kumtukana.

"Wanasemaje?" kaka yangu akauliza kutoka ndani.

"Wanatupa pole."

"Mwongo wewe. Pole haiji na mhuri."

Kaka yangu alikuwa fundi wa kuezeka. Miaka sita iliyopita alianguka kutoka kwenye paa la shule, na tangu hapo kiuno kwenda chini hakina habari naye. Analala chumba cha ndani. Ili utoke chumbani kwake lazima upite chumba changu cha kushonea, njia nyingine hakuna, na dirisha lake tulilitia nondo nene kwa kuogopa wezi. Wezi! Miaka yote hiyo tunamwogopa mtu wa kuiba redio, na mimi mwenyewe kila siku nawasha pasi ya mkaa katikati ya mlima wa vitambaa, kati ya mgonjwa na mlango wake. Hilo kosa ni langu, na sijamwachia mtu mwingine alibebe.

Lakini kuna mengine si yangu. Mwaka jana Afisa wa zimamoto alikuja kutoka wilayani akatuletea mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Kitongoji chetu kina nyumba hamsini na mbili, mtungi mmoja. Akatufundisha kwa muda wa kuchemsha chai: vuta pini, elekeza mdomo chini kwenye shina la moto, bana mkono, fagia huku na huku. Hayo tuliyashika. Halafu akainua kidole, na hapo ndipo sauti ilipokaza. Akatuonyesha kile kiplastiki kilichofunga pini. "Hii ndiyo lakiri. Isivunjwe ovyo. Ikivunjwa, mtunzaji atajieleza." Mtunzaji ni Mwenyekiti wetu wa kitongoji. Kabla ya kutia sahihi aliisoma karatasi mara tatu.

Mwenyekiti si mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Ni mtu wa kuogopa karatasi. Aliubeba mtungi ule nyumbani kwake akauweka sebuleni, ndani ya kabati la vioo, katikati ya vikombe vya harusi na picha yake akipeana mkono na mkubwa fulani. Akafunga kabati, ufunguo akautia kwenye kishada cha funguo kinachomlilia kiunoni. Mgeni akija anaonyeshwa mtungi kabla hajapewa maji ya kunywa. Na kitambaa cha kuufunika usipate vumbi nilikishona mimi, nikakitia lesi pembeni. Nasema hivyo mjue kwamba ujinga ule ulikuwa wetu sote. Nyumba hamsini na mbili, hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza: sasa moto ukitokea, tutaanza na kitambaa au na kufuli?

Moto wenyewe ulitokea Alhamisi mchana kweupe. Mteja mmoja alisimama nje kugombana nami kuhusu kola, na mimi kwenye kugombana sijambo, nikamtokea. Pasi niliiacha juu ya meza. Kaa likadondoka kwenye kikapu cha mabaki ya vitambaa. Nilipogeuka, moshi ulikuwa umeshafika darini. Bomba letu hutoa maji Jumatatu na Ijumaa, kwa hiyo Alhamisi mapipa yote ni makavu. Nilikuwa na ndoo mbili, nikazimwaga zote, moto ukazicheka. Zile nguo za nailoni zilikuwa zinayeyuka na kudondoka zikiwaka. Mteja wangu akapiga simu zimamoto. Akaambiwa gari lipo, ila dereva yuko kwenye semina.

Kaka akaita, "Mdogo wangu! Moshi!" Kisha akakohoa sana. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo sijamsamehe: "Kimbia wewe. Niache mimi."

Nilikimbia kweli, nikakimbilia kwa Mwenyekiti, nyumba ya tatu. Mkewe, tunayemwita Mama Pacha, alikuwa uani anapepeta mchele.

"Mtungi!" nikapiga kelele. "Mtungi, shoga, kaka yangu anaungua!"

"Kabati limefungwa," akasema. "Ufunguo kaenda nao. Yuko mjini, semina."

"Semina gani?"

"Ya usalama wa moto majumbani."

Sikuwa na nafasi ya kucheka. Tuliingia sebuleni, tukasimama mbele ya kioo, na mtungi ndani umejifunika lesi yangu kama bibi harusi. Niliinua ngumi, nikaishusha. Niseme kweli ingawa inaniuma: nililiogopa lile kabati. Kaka yangu yumo motoni, na mimi nawaza hivi ni vioo vya Mwenyekiti. Tumefundishwa kuogopa vitu vya wakubwa mpaka mikono imejifunza yenyewe.

Aliyevunja ni Mama Pacha. Alitoka nje, akarudi na mchi wa kutwangia, akafumba macho, akapiga. Vikombe vya harusi yake vikamwagika sakafuni. Akaingiza mkono kwenye vioo, akautoa mtungi, kitambaa akakitupa kule, tukakimbia. Mlangoni kwangu akavuta pini, lakiri ikakatika tap, akanipa mimi mdomo wa bomba. Nikalenga shina la moto, nikafagia. Unga mweupe ukajaa chumba kizima. Tukapita tumeinama, tukaliburuta godoro la kaka mpaka nje. Alikuwa hai. Nyayo zake zilikuwa zimeungua zikatoka malengelenge, na yeye hana habari, ananiuliza kama cherehani imepona.

Mama Pacha mkono ulikuwa unamtoka damu. Akanivuta pembeni. "Fundi, nakuomba kwa kila unachokipenda. Akirudi, sema ulivunja wewe. Wewe unalala kwako. Mimi nalala mle ndani."

Nikamwambia, "Nimevunja mimi. Yamekwisha." Mtu amenirudishia kaka yangu, nimnyime uongo mmoja?

Gari la zimamoto lilikuja kesho yake saa nne asubuhi, limeoshwa linang'aa. Wakapiga picha majivu, wakaondoka.

Basi Jumatatu nikaenda. Ofisi ya kijiji ni chumba kimoja chenye meza moja na viti vya plastiki, na siku hiyo kilijaa mpaka dirishani, maana watu wetu kwa kesi ya mwenzao hawachelewi. Afisa alikaa na faili lake. Mwenyekiti kando yake, koti limefungwa vifungo vyote. Mama Pacha alikuwa benchi la nyuma, mkono umefungwa kitambaa. Mumewe alikuwa ameambiwa alijikata na kisu.

"Mama, unakubali kwamba lakiri uliivunja?" Afisa akaanza.

"Nakubali."

"Ulikuwa na idhini?"

"Ya nani?"

"Ya mtunzaji."

"Mtunzaji ulikuwa naye wewe," nikamwambia. "Ulikuwa unamfundisha kuzima moto."

Watu wakaangua kicheko. Afisa hakucheka. Akafunua ukurasa, akasoma kwa ile sauti ya kusomea watu wasiotakiwa kuelewa: kwa kuwa lakiri imevunjwa na mtu ambaye si mtunzaji wala si wa kaya ya mtunzaji, kifaa kinahesabiwa kimetumiwa vibaya, kinaondolewa kitongojini na kurejeshwa wilayani.

Wilayani ni mwendo wa saa mbili kwa gari. Nilimfikiria kaka yangu na zile nondo za dirishani.

Mkunga wetu akanyoosha mkono. "Na kama angevunja mtu wa nyumba ya Mwenyekiti?"

"Hayo yangekuwa matumizi halali. Mtungi ungejazwa upya na kurudishwa hapa hapa."

Mnaona mtego ule? Nilikuwa nimebeba uongo kumlinda mtu, na sasa uongo ule ule unamnyang'anya kaka yangu kitu pekee cha kumwokoa mara ya pili. Neno moja tu lingetosha. Nilimtazama Mama Pacha, naye akatazama sakafu. Ahadi ni deni, na la kwangu halikuwa dogo. Nikalimeza lile neno, likashuka kama mwiba wa samaki. Kilichobaki ni hasira, na hiyo sikuimeza.

"Bwana Afisa," nikasema, "mlileta dawa mkaifungia kabatini. Mgonjwa amekunywa akapona, mnamshitaki kwa kufungua chupa. Ningesubiri idhini, leo mngekuja kunizikia kaka, na lakiri ingekuwa nzima, na nyinyi mngefurahi kwamba kitongoji chetu kina nidhamu. Chukueni mtungi wenu. Lakini uandike hapo kwamba nyumba ile kuna mtu asiyeweza kutembea, na wewe unajua, na umeuchukua ukijua."

"Mama, tumia lugha nzuri."

"Hii ndiyo nzuri niliyobaki nayo."

Hapo nyuma benchi likalia. Mama Pacha alikuwa amesimama.

"Mke wangu, kaa," Mwenyekiti akasema bila kugeuka.

"Nimekaa miaka kumi na tisa," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ila ilifika mpaka dirishani. "Fundi hakuvunja kitu. Nilivunja mimi, kwa mchi wangu. Na hiyo lakiri yenu niliikata mimi." Akafungua kitambaa, akainua kiganja, kidonda kinaanzia kidole gumba mpaka kwenye kifundo.

Mwenyekiti akageuka sasa. "Uliniambia kisu."

"Nilikuogopa."

"Mimi? Lini nimekupiga mimi?"

"Hujanipiga. Lakini kila asubuhi unalifuta lile kabati kabla hujanisalimia. Nilijua nimevunja kitu gani."

"Si ungenisubiri, mke wangu? Jioni nilikuwa narudi."

"Mtu anaungua, nikusubiri urudi na cheti cha semina?"

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alikitazama kile kidonda, akafungua kifungo kimoja cha koti, akakifunga tena. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na ghafla nikamwona mzee amekaa na koti lake, hajui aweke wapi mikono. Nikamhurumia kidogo, na hilo nalo likaniudhi.

Afisa akakohoa. Kwake yeye mambo yalikuwa yamenyooka. Akafuta mstari mmoja, akaandika mwingine. "Mwanakaya wa mtunzaji. Basi ni halali. Mtungi utajazwa na kurudi baada ya wiki sita."

"Na hizo wiki sita?" nikauliza.

"Muwe waangalifu na moto."

"Ukirudi hauingii kabatini," Mama Pacha akasema, bado amesimama. "Utatundikwa barazani kwangu, nje, mahali hata mtoto anaufikia." Alimwambia Afisa, lakini macho yalikuwa kwa mumewe. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa.

Afisa akagonga mhuri, kisha akatusomea fomu yote ili tutie sahihi. Lakiri, moja. Vioo vya kabati, viwili. Vikombe, vinne. Cherehani, moja, imeungua sehemu. Waliofariki, hakuna. Akanisukumia karatasi na kalamu.

"Na kaka yangu yuko wapi hapa?" nikauliza.

"Kaka yako hakufariki, mama."

"Najua hakufariki, asubuhi nimemnywesha uji. Nauliza yuko mstari gani. Vikombe naviona."

Akaipitia ile fomu tena, juu mpaka chini, na kwa mara ya kwanza nikamwona kijana wa watu ana haya. "Fomu haina mstari wa waliopona," akasema. "Ina wa waliofariki tu."

Nikachukua kalamu. Sikutia sahihi kwanza. Nikaandika pembeni mwa karatasi, kando ya mhuri wake, kwa zile herufi kubwa ninazoandikia vipimo vya wateja: KAKA YANGU YUKO HAI. Nikapiga mstari chini yake mpaka karatasi ikatoboka.

"Mama! Fomu ya serikali haiandikwi pembeni! Nani sasa atajibu wakiniuliza?"

"Waambie ni mimi," nikasema. "Hili kweli nimelifanya mimi."

Nikampa Mama Pacha kalamu, naye akatia sahihi chini ya maneno yale kwa mkono wake wa kushoto.