Nafasi ya Mlangoni

Wakonyo hakuwa mtu wa kubishana na wasomi, lakini siku hiyo msomi alimgusa pabaya.

Wacera alikuwa ametoka chuo kikuu na vipima-vumbi tisa. Wiki nzima alivining'iniza ndani ya kinu cha mpunga pale Kutus, kisha akachora ramani: kijani palipo salama, nyekundu palipo na hatari. Na wapi pakawa pekundu kama nyanya? Mlangoni, alipokaa Beth, mfanyakazi mwenzake Wakonyo, akichagua mawe kwenye mchele.

"Ati mlangoni?" Wakonyo alifoka. "Na hapo hukuweka hako kamashini! Ulisema watu wa magunia watakaangusha."

"Ni kweli, mama. Lakini mahali pa karibu panafanana kuliko pa mbali. Nikipima hapa na pale, naweza kukadiria ya katikati."

"Kukadiria ni kubahatisha ukiwa na miwani!"

Wanawake wakaangua kicheko. Wakonyo hakucheka hata kidogo. Nafasi ya mlangoni, penye hewa, ilikuwa yake miaka kumi na mmoja, na kinuni hapo nafasi hiyo haiombwi. Mwenye nayo humpa ampendaye. Beth alipoanza kukohoa, Wakonyo alimpa, yeye mwenyewe akahamia kona ya nyuma kwenye joto. Sasa ramani ilionyesha kona hiyo ni kijani kitupu.

"Pima basi!" akasema.

Kesho yake Wacera alifunga kipimo juu ya kichwa cha Beth, wabeba magunia wakaambiwa wapitie nyuma. Kufika jioni, namba ilikuwa karibu ile ile aliyokadiria. Kumbe feni mpya iliyofungwa mwaka jana ilitupa vumbi nje, upepo ukalirudisha ndani kupitia mlangoni.

Wakonyo akaketi juu ya gunia akalia bila aibu. "Beth, ni mimi nimekuharibu kifua."

Beth akamfuta machozi kwa ncha ya leso. "Wacha hiyo maneno. Mimi nilijua kitambo. Tangu feni iwekwe, kila jioni natema vumbi."

"Ulijua? Na ukanyamaza?"

"Ningekuambia aje, Wakonyo? Ulinipea mahali yako. Hakuna mtu mwingine amewahi kunipea kitu."

"Mjinga wewe," Wakonyo akasema. Akabeba kiti cha Beth mpaka kona ya nyuma, akakiweka kando ya chake.