Ng'ombe Wageni

Choo cha mama mkubwa Kornelia kiliingia korongoni siku ya Jumapili, watu wakiwa kanisani, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Kwenye mkutano wa kitongoji uliofuata alisubiri mwenyekiti amalize habari za mbolea ya ruzuku, kisha akasimama akauliza ni nani kati ya wajumbe anayeweza kumwazima choo.

"Mpaka lini, mama?" akauliza Isidori, mwenyekiti wetu.

"Mpaka korongo lishibe."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, akabaki amesimama, na watu wakaacha.

Korongo lile lilianza kama njia ya ng'ombe kutoka mlimani kwenda majini. Baba mkubwa alipokuwa hai tulikuwa tunaliruka kwa mguu mmoja. Sasa ukiingiza lori humo hulioni. Mlima umeliwa na ng'ombe mpaka umebaki na udongo mtupu, mvua ikinyesha maji yanashuka yote kwa pamoja, na kila msimu korongo linapanda kidogo kuelekea nyumba ya mama mkubwa. Kati ya korongo na jiko lake palikuwa pamebaki sehemu ya kuanikia mahindi. Nyumba nyingine hana. Mumewe amezikwa uani hapo hapo.

"Nikihama, yeye namhamishaje?" akauliza.

Mkutano ukapitisha sheria. Mlima upumzike, na kila kaya ibaki na ng'ombe wanne, basi. Baba yangu, Akonaay, aliinua mkono juu kuliko wote. Ni mdogo wa marehemu, na macho ya watu yalikuwa kwake.

Msomaji asiyetoka huku lazima aelewe jambo moja. Kwetu mtu mwenye akili hafugi ng'ombe wake wote zizini kwake. Anampeleka mmoja kwa rafiki, wawili kwa shemeji, dume kwa mtu wa kijiji kingine. Anayetunza anapata maziwa na samadi, mwenyewe anapata ndama. Ugonjwa ukiingia kwako, haukumalizi. Jirani mwenye wivu akichungulia, anaona mifugo michache na kukuhurumia. Na hakuna mtu mwenye adabu anayemuuliza mwenzake ana ng'ombe wangapi. Ni kama kumuuliza ana nguo ngapi za ndani.

Kwa hiyo sheria ilipopita, kila mtu alitii. Asubuhi yake baba aliniambia nibakize wanne na kuwapeleka waliozidi kwa Bonaventura, ng'ambo ya korongo. Njiani nikakutana na kijana wa Bonaventura akiwaleta wa kwao kwa baba.

"Lameck, unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Kutii sheria. Na wewe?"

"Kutii."

Tukapishana. Ng'ombe walisumbua kidogo kupishana, njia ni nyembamba.

Isidori alipopita kukagua, alikuta kila zizi lina ng'ombe wanne wa mwenye nyumba. Waliobaki walikuwa wageni.

"Na hawa?" alimuuliza baba.

"Wa rafiki."

"Rafiki gani, mzee wangu?"

"Mwenyekiti, sheria inasema ng'ombe wangu wawe wanne. Wangu ni hawa wanne. Sheria haijasema nifukuze wageni."

Jioni nilimwambia baba kwamba huo ni uongo wa mchana kweupe. Akaniambia kwa kuwa naupenda sana ukweli, kesho nikachunge mimi. Nikachunga. Mlimani niliwakuta ng'ombe wote wa kitongoji, hata mmoja hakukosekana.

Hata hivyo baba hakuwa na amani. Aliona aibu kupita kwa mama mkubwa, akaanza kuzunguka kwa njia ya juu. Akapanga kuwapeleka wale waliozidi kwa Gidahosh, rafiki yake wa siku nyingi, mfugaji wa uwandani Hanang. Kule ni tambarare, alisema, kule nyasi hazina mwisho. Alikuwa amekwisha kuvaa koti la safari aliposikia kengele za ng'ombe barabarani. Gidahosh alikuwa anapandisha kilima, mkuki begani, na nyuma yake kundi ambalo mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa mbali.

"Akonaay! Umejuaje nakuja? Umevaa koti."

"Karibu. Mimi nilikuwa nakuja kwako."

"Kwangu kufanya nini?"

"Kukuletea ng'ombe."

Gidahosh akaegemea mkuki. "Mimi nimekuletea wewe."

"Nyasi za chini zimekwenda wapi?"

"Wamelima mpaka mlangoni kwangu. Palipobaki ni vumbi. Nikasema Akonaay yuko juu, juu kuna mvua, juu kuna nyasi."

"Mimi nilidhani nyasi ziko kwako."

"Na mimi nilidhani ziko kwako."

Wakakaa kwenye gogo. Mwishowe baba alivua koti akamwita mama alete chai, na ng'ombe wa Gidahosh wakaenda mlimani kuungana na wenzao.

Mvua za kwanza zilinyesha alasiri moja tu. Zilichukua sehemu ya kuanikia mahindi na jiko lote. Mama mkubwa aliokoa sufuria mbili na jiwe la kusagia. Kesho yake watu walikuja kumpa pole, wakasimama uani wakitikisa vichwa, na wakati wanatikisa vichwa ng'ombe wao walikuwa wanapita nyuma yao. Njia ya zamani ilikuwa imeanguka, kwa hiyo sasa kundi zima lilikatiza kati ya ukuta wake na kaburi.

Mama mkubwa aliwatazama ng'ombe. Akawatazama watu.

"Jenifa," akamwita mkwe wake, "fungua zizi la baba yako."

Zizi la marehemu lilikuwa tupu tangu msiba, ila uzio wake ulikuwa imara. Jenifa alisimama upande mmoja, mama mkubwa upande mwingine na fimbo, na kundi likaingia lote kama limealikwa. Akavuta miiba akaziba mlango.

"Mnyama akikutwa kwenye uwanja wa mtu anazuiwa mpaka mwenyewe aje," alisema. "Hiyo ni sheria ya zamani, hata hamkuhitaji kuinua mikono. Mwenyewe aje aseme ni wake, amchukue."

Wanaume wakatazamana. Ukimdai mmoja utaulizwa wengine, na ukifika wa tano maana yake ulidanganya. Zaidi ya hapo, maana yake ni kutaja mifugo yako mbele ya majirani. Wote wakakumbuka wana kazi nyumbani.

Jioni ng'ombe walilia kwa kujaa maziwa. Mama mkubwa na Jenifa wakakamua, wakagawa kwa kila mtoto aliyekuja na kikombe. Asubuhi wanaume walianza kupita kusalimia, mmoja mmoja. Bonaventura aliulizia hali ya kifua chake huku akichungulia juu ya uzio.

"Yupo wa kwako humo?" mama mkubwa akamuuliza.

"Hapana, hapana. Naangalia tu."

"Angalia."

Mchana Isidori alikuja na wajumbe, na kitongoji kizima kikamfuata. Alikuwa amechoka kudanganywa na ilionekana. Akatangaza kwamba mifugo isiyo na mwenyewe itapelekwa mnada wa Dongobesh, na pesa zitakazopatikana zitajenga matuta ya mawe kuziba kichwa cha korongo. Akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Nilimtazama baba. Alikuwa anatazama kiatu chake.

"Basi tuwakague," akasema mama mkubwa. "Mnunuzi asije akatuona wajinga."

Akaingia zizini, akaanza kuwapima kwa macho na kusema kwa sauti kama madalali wanavyosema.

"Huyu mweusi. Miguu ya mbuzi. Huyu hata buchani watamrudisha."

Akapita kwa mwingine.

"Huyu wa kijivu ni mzee. Mwandikie ngozi tu. Na huyu jike, tazameni kiwele, kama mfuko wa tumbaku wa babu. Aliyemfuga huyu alikuwa anamlisha nini, magunzi?"

"Majani mazuri kabisa!" akafoka Bonaventura. Watu wakageuka. "Yaani... anaonekana alilishwa majani."

"Na mtu asiyejua kazi."

"Mama Kornelia, jike hilo limezaa kila mwaka!"

"Unajuaje?"

Bonaventura akatazama jike lake. Kisha akasema polepole, "Kwa sababu ni wangu."

"Haya. Mtoe."

Mama mkubwa akasogea mpaka kwa maksai mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Pale nilijua mambo yameharibika. Baba akirudi safari humsalimia yule maksai kwanza, ndipo mama. Mama amekwisha kuzoea.

"Huyu," akasema mama mkubwa, akampiga maksai mgongoni, vumbi likaruka. "Kichwa kikubwa, nyuma hamna kitu. Pembe moja imechungulia mashariki, nyingine magharibi. Huyu nadhani ana minyoo."

Shingo ya baba ilivimba.

"Shemeji," akasema.

"Naam, shemeji. Unamjua mwenyewe?"

"Huyo hana minyoo."

"Tumbo hili?"

"Hilo ni tumbo la shibe! Ng'ombe huyo nimemlea kwa mkono! Nionyeshe maksai mwingine mwenye pembe kama hizo, hapa mpaka Tlawi! Nionyeshe!"

Baba akasikia alichosema. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Ni wangu," akasema. "Na yule wa nyuma yake. Na wale wa madoadoa. Na wawili waliolala."

Baada ya hapo haikuchukua muda. Kila mtu alitukaniwa wake, akasimama, akataja. Mbele ya watoto wao waliwataja ng'ombe wao wote, jambo ambalo baba zao wasingelifanya hata kwa padre. Gidahosh hakusubiri kutukanwa.

"Wale wenye mbavu ni wangu," akasema. "Wote. Huna haja ya kusema ni wabaya, mimi mwenyewe naona. Lakini mkinifukuza, niambieni niende wapi. Chini hakuna. Juu ndio huku."

Isidori alimjibu kwamba hata yeye hajui. Lilikuwa jibu la kwanza la kweli nililowahi kusikia kwenye mkutano wetu.

Wakakubaliana kwamba safari hii wanne wa kila kaya wafungwe nyumbani, wasipande mlimani, na Gidahosh naye abakize wanne, kwa baba. Waliozidi tuliwaswaga Dongobesh, tukafika mnadani tumejaa vumbi. Maksai mwekundu hakwenda. Alikuwa mmoja wa wanne wa baba, na kwa ajili yake baba aliwauza majike wazuri wawili. Nilimwambia ni upumbavu. Alikubali kuwa ni upumbavu.

Ng'ombe wa kufungwa anakula kwa kuletewa. Kwetu kukata majani ni kazi ya wanawake, kwa hiyo baba alipoonekana bondeni na mundu watu walisimama kutazama. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba alieleza kwamba anakata ya kuezekea. Nyumba yetu ni ya bati.

Masika yaliponyesha kweli kweli, tulikuwa tumepanga mawe kwenye kichwa cha korongo na kuchimba mitaro mlimani. Nyasi mlimani zilikuwa chache bado, fupi, kama ndevu za mvulana. Siku ya mvua kubwa baba aliacha mundu akaenda kusimama uani kwa mama mkubwa. Nikamfuata. Tulisimama chini ya upenu, watatu, tukisikiliza mawe yakigongana humo chini. Kipande cha ukingo kilikatika, tukakiona kinazama. Kisha kingine, kidogo zaidi. Kisha maji yakaendelea kupita na ukingo ukabaki ulipokuwa.

"Hamia kwetu, shemeji," akasema baba.

"Nyumba imesimama."

"Mwaka huu."

"Mwaka huu, ndiyo," akasema mama mkubwa.

Mvua ilipopungua baba aliinama chini ya ukuta, akapima ufa kwa kiganja. Halafu akanituma jembe, kwani mtaro wa juu ulikuwa umekwisha kujaa tope.