Pete Iliyobaki Uwanjani

Haya nimeyasikia kwa mkwe wangu jana jioni, amekaa kwenye kochi langu na udongo magotini, kikombe cha ushindi kakiweka sakafuni kando ya viatu. Ni fundi wa kuchomelea mageti. Alimwoa binti yangu wa pekee, ambaye mwaka huu tumemzika.

Wao wawili walikuwa na wazimu mmoja: mashindano ya kusaka vyuma. Waandaaji wanafukia visahani vya shaba uwanjani, filimbi inalia, washindani wanapita na mashine zenye mpini mrefu zinazolia zikipita juu ya chuma, hedifoni masikioni. Mwenye visahani vingi ndiye mshindi. Mume alishika mashine, mke alichimba. Mbinu zote zilikuwa za binti yangu. Wengine wakigombania pembeni karibu na kamba, yeye humvuta mumewe katikati. Mashine isiinuliwe, ifagie nyasi. Usichimbe kupita kiganja, maana waandaaji nao wavivu. Na kubwa kuliko yote: sauti nyembamba, chimba, sauti nene, pita. Nene ni kizibo cha soda.

"Twende, baba, twende!" ndivyo alivyomhimiza mumewe. "Takataka mwachie mwenye uwanja."

Mwaka jana binti yangu alikwenda ugonjwa umeshamkondesha, pete ya ndoa kaizungushia uzi ibane. Waliporudi nyumbani, kidole kitupu. Uwanja ni wa kampuni, hufunguliwa siku ya shindano tu. Waliomba waingie, wakakataliwa. Hata alipokuwa hajiwezi kitandani, binti yangu alikuwa akikipapasa kidole kile.

Kwa hiyo jana mkwe alifuata pete, si kikombe. Ilikuwa nafasi ya mwisho: matingatinga yameshaegeshwa getini, leo wanaanza kujenga ghala. Na pete nyembamba ya dhahabu, alijua, hulia nene kama kizibo.

Akaanza kuchimba kila sauti nene. Kizibo. Kizibo. Msumari uliooza. Dereva wa teksi, mpinzani wao wa miaka yote, akapita akicheka.

"Fundi, leo umekuja kushindana au kulima?"

"Pita, bwana."

"Napita, ila ukimaliza unipandie na mimi mahindi!"

Mara mashine ikalia nyembamba. Mkono ukachimba wenyewe: kisahani. Hatua mbili mbele, kingine.

"Mama, nikamsikia," aliniambia. "Twende, baba, twende. Kama yuko begani kwangu. Nikaenda."

Akakata katikati ya uwanja, anafagia, anachimba, anapita. Akawa anacheka peke yake, watu wanamtazama.

"Pale tulipokaa mwaka jana akanywa maji, ililia nene. Nene, tena karibu kabisa. Nikaipita, mama. Niliipita mbio."

Filimbi ya mwisho ndiyo iliyomzindua. Akakimbia kurudi pale, msimamizi akamwekea mkono kifuani.

"Ndugu, muda umekwisha. Njoo uchukue kikombe chako."

"Dakika moja tu, kaka. Nakuomba."

"Kila mtu anataka dakika moja."

Dereva wa teksi alimpigia makofi kuliko wote.

"Mama, nimeshinda," mkwe wangu akasema, akajifunika uso kwa viganja vyake vyeusi.

Nilimwacha alie. Alipotulia nikamuuliza, "Sauti yake ilikuwaje?"

"Ya zamani. Ya kabla hajaanza kukohoa."

"Na ile hasira yake ya kuharakisha watu?"

"Ilikuwemo, mama."

Mimi sijamsikia tangu tumzike. Hukaa jikoni nimetega masikio, wapi. Nikamwomba aniambie tena alivyosema, akaniambia. Nikamwomba tena. Mara ya tatu hakumaliza. Kichwa kikaangukia mkono wa kochi, usingizi ukambeba na udongo wake.

Hedifoni zilikuwa bado zimemning'inia shingoni. Nikazitoa taratibu asishtuke, nikazivaa. Kimya kitupu. Nikajilaza nazo hivyo hivyo, nikisubiri, mpaka nami nikalala.