Daftari la Bikira

Nilimfuta Ludivina kwa rula. Nilitaka mstari unyooke, maana daftari lile lilikuwa la Bikira Maria, na vitu vyake havichorwi ovyo.

Kwetu Malabon, tangu tulipokuwa mtaa wa mbao ukingoni mwa mfereji, sanamu ya Bikira huenda nyumba kwa nyumba. Familia inayoipokea huiweka mahali pa heshima na kusali nayo rozari wiki nzima. Jumamosi majirani huja na mishumaa, wakaichukua na kuipeleka mlango unaofuata. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika zamu hizo kwa miaka kumi na moja, tangu mume wangu alipofariki. Sikusoma zaidi ya darasa la sita, lakini mwandiko wangu unasomeka.

Ludivina, ambaye sote tulimwita Luding, alikuwa nambari kumi na saba. Ukuta wa mbao uliogawa nyumba yake na yangu ulikuwa mmoja, na kwenye tundu lake tulipitishiana chumvi, vitunguu na maneno. Maji ya mfereji yalipopanda, yeye ndiye aliyegonga ukuta kuniamsha nipandishe mchele juu. Basi miaka mitatu iliyopita akaokoka, akabatizwa upya kule kwa walokole. Zamu yake ilipofika nilisimama mlangoni kwake na sanamu mikononi, watu na mishumaa yao nyuma yangu, naye akasema taratibu, "Presing, mimi siwezi tena kumpokea. Usinichukie, dada yangu."

Nilimpeleka Bikira nambari kumi na nane. Nilipofika nyumbani nikatafuta rula.

Chumvi iliendelea kupita tunduni. Maneno yalipungua.

Mwaka jana mwenye ardhi akaidai ardhi yake, mahakama ikampa, na sisi tukaambiwa tuwe tumehama ifikapo Juni mwaka huu. Chama chetu cha wakazi kikawa kinakutana kila Jumapili kwenye uwanja wa mpira wa kikapu wenye paa la bati. Mwenyekiti alikuwa Teodulo, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mwenye sauti kubwa na moyo laini.

Njia za kupata pa kuishi zilikuwa tatu. Kulikuwa na tajiri wa majengo aliyetaka tuungane naye: angejenga ghorofa, sisi tupewe vyumba vya nyuma. Kulikuwa na benki, ambayo ingemkopesha kila mtu peke yake, mradi awe na mshahara wa mwezi.

"Nani hapa ana mshahara wa mwezi?" Teodulo aliuliza.

"Mbwa wa polisi," akasema Nemesio muuza samaki. Watu wakacheka.

Njia ya tatu ilikuwa mfuko mmoja wa makazi. Wangenunua pamoja nasi kiwanja ng'ambo ya daraja na kujenga milango arobaini na miwili, kila familia na mlango wake. Ardhi ingekuwa ya chama chote, chini ya hati moja, na hakuna ambaye angeweza kuiuza peke yake. Nyumba ungeimiliki nusu wewe na nusu mfuko, na kadiri unavyolipa, sehemu yako inakua. Tulibishana wiki sita. Wengine waliogopa kumiliki kitu na jirani mlevi. Mwisho wake tukaukubali mfuko, maana ndio peke yao waliotusikiliza hadi mwisho bila kutazama saa.

Mwanamke aliyetumwa na mfuko aliitwa Arceli, mpole na makini. Alikuwa na sharti moja. "Kila tunakokwenda, habari za nyumba zikitoka tu, familia zinazaliana," alisema. "Mtu mmoja anakuwa kaya tatu. Nataka orodha iliyokuwepo kabla ya maneno haya ya nyumba kuanza. Orodha ambayo hakuna aliyeiandika kwa tamaa."

Watu wakatazamana. Orodha kama hiyo tungeitoa wapi? Ndipo Teodulo akageuka kunitazama. "Mama Presing anayo. Daftari la Bikira."

Walipiga makofi. Hata Nemesio, ambaye hupokea sanamu huku ameshikilia chupa, alisema hakuna karatasi safi kuliko ile. Nilikwenda kulichukua nyumbani, nikalifuta vumbi kwa upindo wa gauni langu, nikalileta mbele.

"Wote wamo humu, Mama Presing?" Teodulo akaniuliza.

"Wote," nikasema.

Nilipokuwa nasema "wote" nilikuwa naona mishumaa. Niliwaona wale wanaokuja Jumamosi. Huko ndiko akili yangu ilikokuwa, na Mungu anajua sikukusudia zaidi ya hapo. Lakini nilifurahi mno siku ile, hilo nalo analijua.

Mwezi wa pili Arceli alirudi na orodha iliyopitishwa na bodi ya mfuko. Luding alikuwa amepika wali wa kunata na nazi, beseni zima, kwa ajili ya kusherehekea, akakaa mstari wa mbele na beseni mapajani. Majina yakasomwa. Kila aliyetajwa alisimama, wengine wakilia. Kumi na tano. Kumi na sita. Luding akaweka beseni chini, akajitengeneza gauni. Arceli akasoma jina la yule tuliyemzoea kuwa kumi na nane.

Luding alibaki amesimama nusu, kama mtu aliyesahau alichokuwa anakwenda kukichukua. Kisha akakaa.

Niliiona ile rula.

Majina yalipokwisha, akanyoosha mkono. "Samahani, binti yangu. Jina langu limerukwa. Ludivina, mke wa Amado seremala. Tuko sita. Tumeishi hapa miaka ishirini na sita."

Arceli akapekua karatasi zake, kisha akalifungua daftari lenyewe. Akamwonyesha Teodulo. Teodulo akanitazama, akainamisha uso.

"Alimkataa Bikira, na Bikira naye kamkataa," akasema Nemesio. Safari hii waliocheka walikuwa wachache.

Nilisimama. "Funga mdomo, Nemesio. Bikira hajamkataa mtu. Mimi ndiye niliyemfuta. Daftari lilikuwa la sala, si la nyumba, na mimi nikasema wote wamo. Bi Arceli, mrudishe. Kosa ni langu."

Arceli akalifunga daftari, akatueleza. Orodha ilikuwa imeshafungwa. Kuifungua kulikuwa ni kurudisha maombi yetu mwisho wa foleni, nyuma ya vyama vingine, kwa mwaka mmoja au zaidi. Na Juni ilikuwa miezi minne mbele.

"Basi mpeni mlango wangu," nikasema.

"Hauhamishiki, mama. Ukijitoa, mlango unarudi kwa mfuko. Tunampa aliye kwenye orodha yetu ya akiba. Ndiyo kanuni mliyoipigia kura wenyewe, ili mtu asiuze nafasi."

Kweli tuliipigia kura. Mimi nilinyoosha mikono yote miwili.

Nikamgeukia Luding. "Njoo ukae kwangu, basi. Wewe na Amado na watoto. Tutabanana."

Hapo ndipo aliponitazama mara ya kwanza. "Watu sita, Presing, juu ya watu wako wanne, chumba kimoja?" Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya tunduni. "Unataka unihamishe kila Jumamosi, kama sanamu?"

Nikaketi.

Teodulo akaomba tupige kura: orodha ifunguliwe, au ibaki. Sauti yake kubwa haikuwepo. Waliotaka ifunguliwe walikuwa tisa, na Mungu awabariki. Kisha akauliza wanaotaka ibaki. Binti yangu Rosenda alikuwa kando yangu, ana mimba ya miezi sita, mkono wake umeshika upande wa gauni langu kama alipokuwa mdogo. Nilifikiria mtoto anayezaliwa Mei na wavunjaji wanaokuja Juni.

Mkono wangu wa kulia uliinuka.

Luding hakuwa na kura, maana hakuwa kwenye orodha. Alikuwa ameketi akiitazama mikono, na alipoufikia wangu aliutazama muda mrefu kuliko mingine. Kisha akachukua beseni lake, akaanza kugawa wali. Aligawia watu wote, hata Nemesio. Mimi alinipa sehemu ya pembeni, iliyoungua kidogo kwa sukari, ambayo tangu ujana alijua ndiyo niipendayo. Niliishika kwenye jani la mgomba hadi ikapoa.

Niliungama kwa padre. Aliniambia kusahau si dhambi. Padre haijui ile rula.

Serikali iliwapa Luding na wachache wa mitaa mingine nafasi mkoani, mbali, ambako Amado hana wateja. Lori lilikuja asubuhi. Nilisimama upande wangu wa ukuta, nikiwasikia wakitoa sufuria moja moja, mpaka upande wa pili ukawa kimya. Kisha mlango wangu ukagongwa.

Alikuwa Luding, na kimeza kidogo mikononi. Nilikijua. Amado alikitengeneza kwa ajili ya Bikira, zamu zao za mwanzo, na juu yake matone ya nta yalikuwa bado yapo. Miaka mitatu ya ulokole, na hakuwa amekibandua nta.

"Mtahitaji pa kumweka," akasema. "Mimi nitakifanyia nini kule."

"Luding."

"Usianze, Presing. Nikilia, lori litaniacha." Akanishika shavu, mkono wake ukinuka sabuni ya kufulia, akaenda. Sikutoka kumsindikiza. Niliona aibu kuonekana nikipunga mkono uleule.

Sasa tuko ng'ambo ya daraja. Nyumba ni nzuri, maji hayaingii, mjukuu ana miezi saba. Bikira alifika kwangu wiki iliyopita, nikamweka kwenye meza ya Luding, na meza ikayumba. Nikainama kutazama. Mguu mmoja ni mfupi kwa upana wa vidole viwili. Sakafu ya Luding ilikuwa imelalia upande wa mfereji, na Amado alikuwa ameukata mguu ili sanamu isimame sawa pale, katika nyumba ile.

Hapa sakafu ni saruji, imenyooka. Rosenda anataka kuweka kipande cha karatasi chini ya mguu. Nimemkataza. Nikisali, naishika meza kwa mkono wa kulia, na rozari naipeleka kwa wa kushoto.