Ziwa la Kushoto

Fundi cherehani alikuwa na siku nane duniani mama yake mzazi alipofariki. Jirani wa chumba cha pili, aliyekuwa ananyonyesha mwanawe, alimchukua bila kushauriana na mtu. Mwanawe akampa ziwa la kulia, yatima akampa la kushoto. Hakuna aliyeona ajabu. Uani kwao aliyemkuta mtoto analia ndiye aliyembembeleza, awe wake asiwe wake.

Miaka arobaini baadaye yule jirani, ambaye wote walimwita Mama Mkubwa, alipooza upande mmoja. Mwanawe, dereva wa malori, akafunga safari kuja kumchukua akaishi naye mji wa mbali, ghorofa ya tatu. Fundi alimuuliza nani atashinda na mama yeye akiwa barabarani. Dereva akababaika, akasema atatafuta mtu.

"Mtu yupo," fundi alisema. "Mama haendi kokote."

"Wewe una watoto, una kazi. Huyu ni mama yangu."

"Ziwa la kushoto lilikuwa langu, kaka. Hilo huwezi kuninyang'anya."

Dereva alicheka bila kutaka, kisha akafuta macho.

Aliyekataa katakata ni Mama Mkubwa mwenyewe. Hakutaka kuwa mzigo wa mtu. Alifumba kinywa, akageukia ukutani, kijiko kikarudi na uji wake. Siku mbili zikapita hivyo hivyo. Ya tatu fundi hakubembeleza tena. Alibeba cherehani, meza na magunia ya vitambaa, akahamia navyo chumbani kwa mgonjwa, akajipanga dirishani. Kisha akaketi kitandani na bakuli.

"Uliponichukua hukuniuliza kama nataka," alisema. "Na mimi sikuulizi."

Mama Mkubwa alimtazama sana.

"Mimi nilikuwa na maziwa," alisema kwa ulimi mzito. "Leo nina nini cha kukupa?"

Fundi akainuka, akamletea kopo la vifungo vilivyochanganyikana rangi zote, akamwomba amchambulie. Kazi hiyo mkono mmoja unaitosha. Lakini kwanza uji.

Mama Mkubwa akafungua kinywa.

Hakupona, ila aliishi miaka minne zaidi chumbani humo. Wateja wenye watoto wachanga wakija kupimwa nguo, walimlaza mtoto ubavuni pake, naye akimshika kwa mkono ule mzima. Dereva, kila akirudi safari, alikuja kumbeba mama hadi uani aote jua, huku akisutwa naye kwamba amekonda na ndevu hazijanyolewa.