Mashine Aliyoichagua Baba

Tangu Baba awekewe betri kifuani, mimi sijapata usingizi wa maana. Yeye anakoroma. Anawaambia wateja kwamba sasa ni gari la kisasa, linawaka hata asubuhi ya baridi, na wao wanacheka. Mimi nacheka meno tu.

Daktari alitueleza kwa lugha nyepesi. Kile kifaa kinachousimamia moyo wake hakielewani na mashine kubwa za kuchomelea. Umeme mwingi ukipita karibu, kinaweza kuchanganyikiwa, na moyo ukachanganyikiwa nacho. Kwa hiyo asichomelee tena. Mtu mwingine akichomelea, iwe mashine ndogo, na yeye akae mbali. Baba aliitikia "ndiyo, daktari" kila mara, kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake, na hapo ndipo hofu iliponiingia.

Maana Baba ni fundi wa bodi za magari, na hana kazi nyingine wala starehe nyingine. Karakana yetu ni ua wa nyumba, wenye paa la bati na ukuta ulioegemezwa milango iliyobonyea. Mimi, binti yake, nilikuwa msaidizi wake. Sasa mimi ndiye fundi na yeye ndiye mdomo. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia akae sebuleni atazame kuta. Ilibidi tupate mashine ambayo itamwacha abaki uani, na abaki hai.

Ile mashine ya zamani ya kuchomelea kwa vijiti, dude zito lisilobebeka, nililichomoa waya nikalifungia stoo. Ufunguo nilitembea nao. Hata hivyo kila nilipomwona anapita karibu na mlango wa stoo, roho iliniruka.

Siku ya kwenda kununua, Baba alitoka chumbani amevaa shati jeupe la kunyooshwa, kadi ya hospitali imechomoza mfukoni.

"Unaenda kununua mashine au unaenda kuposa?" nikamuuliza.

"Fundi akivaa ovyo, muuzaji humwuzia ovyo," akasema. "Twende."

Tuliyapita maduka mawili ya zana yaliyo jirani kabisa na kwetu. Nikanung'unika. Baba akasema kule mbele kuna duka analolitaka yeye, na kwa kichwa chake kigumu sikuona faida ya kubishana. Nilimwekea sharti moja tu njiani. Kofia ya kuchomelea ina kioo cheusi. Ukiishusha usoni huoni kitu isipokuwa ile cheche. Sitajua amesimama wapi. Basi nikiwa nimeivaa, yeye akae mlangoni, tena apige mluzi mfululizo, nijue yuko mbali na yuko mzima.

"Nimekuwa ndege wa kwenye tundu," akasema, lakini akakubali.

Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu. Alitupeleka moja kwa moja kwenye mashine kubwa kuliko zote.

"Hii, mzee, inachomea geti, inachomea trela, inachomea unachotaka."

"Na bati la mlango wa gari?"

"Hilo mbona dogo!"

"Ndiyo nakuuliza kwa sababu ni dogo," Baba akasema. "Magari ya siku hizi bati lake jembamba kama kifuniko cha kopo. Hili dude lako litanitobolea mlango niutumie kuchujia chai. Ile pale ndogo, kwa moto, inashuka mpaka wapi?"

Kijana akashangaa. "Wateja wote huniuliza inapanda mpaka wapi."

"Mimi nauliza inashuka mpaka wapi."

Ile ndogo haikuzidi sanduku la spana. Ilitumia waya mwembamba na gesi, na kitufe chake cha kupunguza moto kilishuka chini kabisa. Kijana akasema tunaweza kuijaribu, akatuwekea vipande viwili vya bati kwenye meza ya chuma. Nikamtazama Baba mpaka alipofika mlangoni. Alianza mluzi wake. Nikaishusha kofia, giza likanifunika.

Nukta ya kwanza ya mshono ilitoboa bati. Nikapunguza moto, nikajaribu tena. Bati jembamba halitaki haraka. Unaweka nukta, unaacha ipoe, unaweka nyingine mbali kidogo. Ya pili ilikaa vizuri, ya tatu pia. Katikati ya nukta niliusikia mluzi.

Kisha nikausikia uko karibu zaidi.

Nikajiambia ni mwangwi wa duka. Nikaweka nukta nyingine. Mluzi ulikuwa nyuma ya bega langu.

"Baba, rudi mlangoni!"

Mluzi ukakatika.

Sikumbuki nilivyoachia kitufe. Niliitupa kofia juu, nikamwona amesimama ananigusa kabisa, mkono mmoja umeushika waya wa mashine, kiganja cha pili kifuani, macho amefumba.

Nilipiga kelele. Muuzaji akaja mbio.

"Nyamaza, mama," Baba akasema bila kufumbua macho. "Nasikiliza."

"Unasikiliza nini? Daktari alikwambia nini?"

"Kinakwenda." Akafumbua macho. Paji la uso lilikuwa limelowa jasho. "Kinakwenda vilevile."

Nikamshika shati lile jeupe nikamvuta mbali na meza. Nilikuwa nalia, na nilitaka kumpiga. "Umefanya makusudi! Ungekufa hapa!"

"Makusudi, ndiyo," akasema taratibu. "Mimi najijua. Iko siku nitajisahau, nije nikuonyeshe kitu, na wewe umevaa hiyo kofia. Nikianguka kule uani tuko wawili tu. Utasema wewe ndiye uliyeniua, utasema hivyo mpaka uzeeke. Nimeona bora nijue leo, kabla hujainunua." Akanyoosha kidevu kuelekea mlangoni. "Na hapa wangeniwahi."

Nikatazama nje. Ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na duka, palikuwa na geti la hospitali, na gari la wagonjwa limeegeshwa kivulini. Ndipo nikaelewa kwa nini tuliyapita yale maduka mengine, na lile shati, na kadi mfukoni.

"Unaogopa, Baba?"

"Sana," akasema. Kisha akamgeukia muuzaji. "Tufungie hii ndogo. Lakini kwanza mwache amalizie mshono wake, fundi haachi kazi nusu."

Nikaishusha tena kofia, ili kijana yule asinione uso, nikasubiri gizani bila kubonyeza chochote. Nilisikia viatu vya Baba vikienda, taratibu, mpaka mlangoni. Huko mbali akaanza tena kupiga mluzi.