Askari Thelathini na Wawili wa Bualai

Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, Khamsing alikuwa anaepua wali wa kunata pale askari wa mkewe, Bualai, walipoingia uani. Akawahesabu wakipita kwenye banda la bata. Walikuwa thelathini na wawili, wametimia, kama inavyotakiwa mwilini mwa mtu. Walimfika magotini. Walivaa nguo nyeupe za pamba, kila mmoja na panga lake kiunoni, na kila mmoja alikuwa na uso wa Bualai, mpaka kile kidoa cheusi chini ya jicho la kushoto.

"Mbona mko huku?" akauliza. "Bualai si yuko hospitali, mjini?"

"Tumeondolewa, baba," akasema mkubwa wao. "Nesi amekata nyuzi."

Nyuzi hizo wazee wa kijiji walimfunga Bualai mkononi kabla hajalazwa. Kila uzi ukifungwa, askari mmoja anaitwa arudi mwilini, akae lindoni. Ndivyo anavyofanyiwa mgonjwa yeyote pande zile za mto Chi. Nesi alikuwa anatafuta mshipa wa dripu, akazikata zote kwa mkasi na kuzitupa kwenye ndoo ya taka. Askari hawakuwa tena na pa kushika. Wakashuka kitandani, wakaifuata reli siku mbili mpaka nyumbani.

Khamsing akawatengea wali na samaki wa kuchachushwa. Walikula kama anavyokula Bualai, tonge dogo, wakilibonyeza katikati kwa kidole gumba. Akageuka upande wa jiko asiwaone.

Siku ileile walipotoka wodini, baada ya wao kutoka, madaktari walikata kipande cha uvimbe wa Bualai, wakakiweka kwenye kioo chembamba cha maabara, kioo wakakionesha kompyuta. Kompyuta hiyo ina kazi moja tu: kutabiri kama askari wa mgonjwa wa saratani ya ovari watapigana wakipewa dawa ya kuwaamsha. Dawa yenyewe ilikuwemo, kwenye friji, wodi hiyohiyo, hatua kumi na moja kutoka kitanda cha Bualai. Aliyetabiriwa vizuri alipewa. Kompyuta ikakiangalia kioo cha Bualai, haikuona askari hata mmoja, ikaandika: Hawatapigana.

Alhamisi Khamsing akawapakia askari kwenye makapu mawili ya bata, akayabeba kwa mti begani mpaka hospitali. Mlinzi wa getini akamsimamisha.

"Wageni mwisho wawili, mjomba."

"Hawa si wageni. Ni wa mgonjwa mwenyewe."

Mlinzi akachungulia kapuni. "Aa, kweli. Basi wapite. Ila mapanga yabaki hapa."

Bualai alipowaona alicheka mpaka akashika tumbo. "Nyie! Ndiyo maana nimekuwa mwepesi hivi. Na wewe, baba, umewaleta kwenye makapu ya bata? Umeyaosha angalau?"

"Nimeyapangusa."

"Kayapangusa! Jamani, mume niliyepewa."

Daktari Wiphada akaja. Alikuwa binti mpole, wa umri wa kuwa mwanawe. Akawaamkia askari wote kwa kuwaunganishia viganja, mmoja baada ya mwingine, kisha akawapima mapigo.

"Wana afya, mjomba. Wazuri kama hawa sijawaona mwaka huu."

"Basi mpeni dawa."

"Kwenye kioo hawamo."

"Si hawa hapa, mwanangu?"

"Mimi nawaona. Ila kompyuta inasoma kioo, haisomi kapu."

"Mkateni tena kipande."

"Utaratibu ni kioo kimoja kwa mgonjwa. Kubadilisha, mpaka mkuu wa idara asaini."

"Yuko wapi?"

"Mkutanoni, Bangkok."

"Mkutano wa nini?"

Daktari akaangalia sakafu. "Wa kompyuta hiyohiyo. Inapewa tuzo."

Khamsing akamfuata nesi, akamwomba basi wafunge nyuzi upya palepale kitandani, askari warudi mahali pao. Nesi akatikisa kichwa. "Nyuzi zinabeba vijidudu, mjomba. Nikiruhusu zako, kesho wodi nzima kiwanda cha nguo." Akasema kwa upole. Wote pale walisema kwa upole. Mtu angeweza kufa kwa upole ule na asipate wa kugombana naye.

Mkuu wa idara hakurudi wiki ile, wala iliyofuata. Bualai akaruhusiwa aende nyumbani, maana yake hakuna tena cha kumfanyia.

Wazee wakamfunga nyuzi siku hiyohiyo. Askari wakaingia mmoja mmoja kwenye kifundo cha mkono, wakijipangusa miguu kwanza. Kesho yake Bualai alikula. Siku ya tatu alishuka ngazi mwenyewe akaenda kuwatukana bata wake. Zamu ikiisha askari walitoka, wakaketi ngazini, na kila asubuhi Khamsing aliyapitisha mapanga yao kwenye kinoo. Baada ya siku chache akaona kwamba hayakuwa na hata pengo. Yalikuwa yanarudi kama yalivyokwenda.

"Hampigani?" akauliza.

Mkubwa wao akainamisha kichwa. "Tunafika mpaka mlangoni pa uvimbe, baba. Lakini wale wa ndani wanatuamkia. Wanaunganisha viganja, wanatuita dada. Nyuso zao ni hizi hizi zetu. Tunaona haya kupiga."

Kazi ya dawa ile ya kwenye friji ilikuwa hiyo tu: kuwaziba askari masikio wasisikie salamu.

"Adabu hiyo mmefunzwa na nani?" Khamsing akafoka.

"Na mimi," Bualai akajibu kutoka mkekani. "Usiwagombeze. Mimi tangu nizaliwe nimeinamia kila mtu. Mwenye shamba, karani, daktari. Sasa wao wangejifunzia wapi kupiga?"

Khamsing akayeyusha nta ya nyuki, akawaziba masikio wote thelathini na wawili kwa kijiti. Siku mbili mapanga yalirudi butu, yana damu, na tumbo la Bualai likashuka. Siku ya tatu akapata homa, nta ikayeyuka.

Bualai alikufa Jumapili asubuhi. Khamsing alikuwa kwenye kinoo, ana panga la ishirini na tatu; askari walikuwa wametangulia lindoni bila mapanga. Alijua kwa sababu askari walitoka kabla ya zamu kwisha, wote, wakaja kusimama mbele yake mikono mitupu.

Siku ya mia moja tangu kifo, wakati watawa wakimaliza kumwombea, Daktari Wiphada alifika na kapu la machungwa na cheti ndani ya fremu. Akavua viatu, akapanda, akamsomea Khamsing kwa sababu Khamsing hakusoma sana. Cheti kilimshukuru marehemu. Kompyuta ilitabiri kwamba askari wake hawatapigana, naye amekufa. Hivyo utabiri umehesabiwa kuwa sahihi. Kioo chake sasa kimo kati ya vioo vinavyotumika kuifundisha kompyuta kuwatabiria wagonjwa wajao.

"Mkuu wa idara amesaini mwenyewe," akasema.

"Kumbe anajua kusaini."

Daktari akalisogeza kapu la machungwa mbele yake.

"Na hawa?" Khamsing akaonesha ngazini, walikoketi thelathini na wawili na mapanga yao.

"Hao wako nje ya utafiti, mjomba."

Akavua miwani, akaipangusa muda mrefu. Wakati wa kushuka aliwaunganishia viganja wote, mmoja mmoja. Askari wakasimama, wakainama, wakamwitikia, kama walivyofunzwa.

Khamsing akakitundika cheti juu ya mtungi wa maji. Kesho yake asubuhi mkubwa wao alimkuta akiepua wali.

"Baba, leo lindo letu wapi?"

Khamsing akautazama ule uso, na kile kidoa. Akatazama uani.

"Lindeni bata," akasema.

Wakashuka. Msimu ule nyoka na mbwa mwitu walikula bata kijiji kizima. Wa Bualai hakupotea hata mmoja.